Mnataka Nipige Ukungu Tu?

Kuna mtu ameniandikia hivi: "Msee wangu, picha zako za msitu ni kali, lakini wachana na siasa. Sisi hukuja hapa kupumzika." Nimekaa na hayo maneno siku mbili. Sikukasirika, maana hata mimi nilianza hivyo hivyo.

Nilianza na simu ya mkono wa pili, kioo kimepasuka kwa kona. Elburgon ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, ukungu unakufanyia kazi yote. Reli inapotelea mbele, saipresi zimesimama kama watu kwa foleni, jua linapenya katikati, na hata asiyejua kushika kamera anarudi na kitu. Hizo ndizo mlizipenda.

Halafu siku moja tukaenda haiki, mimi na marafiki watatu, viatu vimejaa matope, tukatokea mahali peupe. Visiki. Visiki hadi kwa ukingo wa bonde, vingine bado vinatoa utomvu. Unajua nilifanya nini? Niligeuza simu upande wenye miti. Ile picha ilipata laiki kuliko zote nimewahi kuweka, na kila nikiiona naona kile kiko nyuma ya mgongo wangu.

Msikimbilie kusema mwenye msumeno ni adui. Mji wetu umekula mbao miaka na miaka. Serikali ilipopiga marufuku ukataji Februari 2018, mashine zilinyamaza, na mjomba wangu aliyekuwa akipakia mbao akaingia boda. Julai 2023 Rais akatangaza hapa jirani, Molo, kwamba marufuku imeisha. Mjomba alishangilia. Mimi nilikuwa mezani na yeye na sikusema kitu, kwa sababu chakula kile nilikuwa nakula pia.

Lakini kuna miti iliyopandwa ili ikatwe, na kuna msitu wa asili wa Mau ambao hakuna mtu aliupanda. Mto Njoro unatoka huko juu kwenda Ziwa Nakuru, na Mto Molo unashuka hadi Baringo. Nani anaangalia ule mpaka usivukwe? Ukiniuliza mimi, yeyote mwenye simu na miguu.

Juni 25, 2024 nilibeba simu ile ile hadi Nakuru mjini, siku ya Mswada wa Fedha. Nilipiga nyuso. Vijana wakiimba, wakikohoa moshi, msichana mmoja na bendera mabegani. Zilikuwa picha zangu bora kabisa. Usiku nikaziangalia tena, nikaona kila mtu anatambulika. Nilizifuta zote isipokuwa tatu za mikono na mabango. Marafiki walinicheka, eti naogopa. Desemba ilipofika, na habari za vijana kutekwa ziko kila mahali, hakuna aliyecheka tena. Siku hizi sura ya mtu siweki bila ruhusa yake, hata kama mwanga ni wa ajabu.

Na bado siamini dawa ni kunyamaza. Boniface Mwangi alipiga picha za vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, kisha zikazungushwa mijini kwa maonyesho ya Picha Mtaani, watu wasimame barabarani waone tulichofanyiana. Pande zetu hizi za Molo ziliungua wakati huo. Kwetu nyumbani wazee hawaizungumzii. Ukiuliza wanakutuma uongeze kuni. Bila picha, mimi ningejua nini?

Kwa hivyo wewe uliyeniandikia, ukungu utaupata, usijali. Jumamosi tunapanda tena, tunatoka steji saa kumi na mbili na nusu, na mwenye gambuti avae. Nitarudi pale peupe nisimame palepale niliposimama. Safari hii nitapiga picha mbili, na nitaziweka pamoja.