Kipimo cha Boriti

Upana wa chumba katika nyumba kongwe za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja haukuamuliwa na mwenye nyumba, hata angekuwa tajiri wa kupindukia. Uliamuliwa na mkoko. Dari la mawe na chokaa ni zito, na boriti za mkoko hulibeba bila kupinda ikiwa kuta zilizoishika hazikuachana zaidi ya takriban mita 3. Vyumba vingi havifiki hata hapo. Aliyetaka nyumba kubwa aliongeza urefu wa vyumba, idadi yake au ghorofa. Upana ulibaki uleule. Wauza miti nao waliigawa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kila jina lilikuwa na kazi yake, hata aliyeutaja mti alikuwa ameshataja mahali unapokwenda katika jengo.

Ufinyu huo ndio uliozaa mpango wa nyumba ya Lamu. Mwanga na hewa huingilia kiwandani, ua ulioachwa wazi juu. Nyuma yake hufuata misana, vyumba virefu vyembamba vilivyolala sambamba, kisha ndani, chumba cha faragha kuliko vyote. Kadiri mtu anavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua na ubaridi unavyoongezeka. Na huko mwisho, pasipo na dirisha la kutazamia nje, ndiko waashi walikoweka kazi yao nzuri kupita zote: ukuta mzima wa zidaka, yaani vishubaka safu juu ya safu, uliopigwa chokaa laini na kutiwa nakshi, kaure na vitabu vikapata mahali pa kukaa. Chumba kisichoweza kupanuliwa kikapewa kina. Toleo hili linahusu ubunifu wa namna hiyo, ule unaoanza na kitu kilichopo na kikomo chake.

Kikomo hicho kilisafiri pia. Miti ya mikoko ilipakiwa majahazini ikaenda na kusi hadi Oman, Bahrain na Kuwait, nchi zisizo na miti mirefu ya kujengea, na nyumba za kale za huko zikawa na vyumba vya upana wa Kiswahili. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982.

Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe ya nchi kavu, hayakuchongwa sana, yameshikizwa kwa chokaa. Ili kuipata chokaa, magogo hupangwa mviringo yakawa tanuu, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa. Mawe yaliyoiva hunyweshwa maji yakafumuka kuwa unga mweupe, na chokaa nzuri huachwa ilale muda mrefu kabla ya kutumiwa. Haina ugumu wa saruji, na hapo ndipo penye faida yake. Unyevu unaopanda kutoka ardhini pamoja na chumvi ya pwani hupata njia ya kutokea, na lipu ikichoka hubanduliwa ikapigwa upya pale tu palipochoka. Ukuta huohuo ukivikwa saruji hupendeza kwa misimu michache. Nyuma ya lipu unyevu hurundikana, chumvi ikaganda, na siku saruji inapoanguka huanguka bamba zima, imeng'oka na uso wa jiwe. Lawama hapo hutupiwa nyumba ya kale, ambayo haikuomba kuvikwa.

Boriti nayo ina ugonjwa wake. Huanza kuoza kwenye ncha iliyozama ukutani, hasa chini ya mfereji wa paa ulioziba. Fundi huliegemeza dari kwa miti, akaichomoa boriti iliyooza na kuingiza mpya, moja baada ya moja, huku watu wakiendelea kuishi vyumba vya jirani. Nguzo ya zege ambayo nondo zake zimeliwa na kutu haina tiba nyepesi hivyo. Nyumba ya boriti na chokaa si imara kuliko ya zege. Inatengenezeka kuliko ya zege, na kwa jengo linalotarajiwa kukaa miaka 200, hilo ni jambo kubwa zaidi.

Kutengenezeka huko ndiko kulikowezesha majengo ya mwambao kubadilishwa kazi mara kwa mara bila kubomolewa. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilikuwa ya askari, ikageuzwa gereza hadi 1984, kisha ikawa makumbusho yenye maktaba. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani juu ya mabaki ya kanisa la Wareno. Uwanda wake sasa huchezewa ngoma za tamasha la Sauti za Busara. Jengo la Zahanati ya Zamani, upande wa bandari, lilianzishwa mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, likawa zahanati, likachakaa, na katika miaka ya 1990 likakarabatiwa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni. Dar es Salaam, Boma la Kale la enzi za Sultani Majid, lenye kuta za matumbawe, tangu 2017 limekuwa kituo cha urithi wa usanifu wa jiji. Kila mara waliofanya kazi waliziba mlango hapa, wakafungua dirisha kule, wakabadilisha dari. Ukuta mnene ulivumilia. Jengo lililobuniwa kwa kazi moja tu halina uvumilivu huo, kama wajuavyo wanaojaribu kugeuza ofisi za vioo kuwa makazi.

Mambo hayo hayakomei kwenye nyumba. Huko huko Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliunda kwa plastiki iliyookotwa Flipflopi, jahazi lililozinduliwa mwaka 2018, ubavu wake ukafunikwa kwa makandambili yapatayo 30,000. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Unguja. Rangi zake ndizo zilizopigwa picha sana, ingawa lililo zito ni lile lisiloonekana pichani: mbao za plastiki hazina nyuzi za mti za kumwongoza fundi, na umbo la jahazi lilibidi litoke katika mazoea ya mikono iliyokwisha kuunda vyombo vya mbao. Taka zilikuwa mpya, ujuzi ulikuwa wa zamani.

Hapo ndipo pa kutenganisha kuazima kuzuri kwa mambo ya kale na kuazima kubaya. Hoteli nyingi za pwani zimejengwa kwa zege tupu, kisha zikabandikwa mlango wa nakshi, matao mawili matatu na makuti juu ya paa lisilovuja popote. Mlango ni mzuri, nakshi zake za mnyororo na samaki zimechongwa kwa ustadi, lakini chumba kilicho nyuma yake kina upana wowote na hakipoi mpaka kiyoyozi kiwashwe. Kilichoazimwa ni sura. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011 na kubuniwa na MASS Design Group, si jengo dogo wala haifanani na nyumba yoyote ya kale, lakini imeazima njia. Kuta zake ni za mawe ya volkano, ambayo kwa mkulima wa huko ni kero shambani; waashi wa hapohapo waliyachonga yakakutana kiasi cha kuficha udongo wa kushikizia. Wodi zimeachiwa hewa ya kutosha ili kifua kikuu kisienee, na vitanda vimegeuzwa vielekee madirishani.

Ustadi bado upo. Kinachopungua ni wa kuulipia. Kazi ya mkono hula siku nyingi za fundi, na chokaa hudai kurudiwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kupangishwa familia kadhaa pamoja kwa kodi ndogo, na nyingine zikabaki za warithi wengi waliotawanyika. Kila mpangaji hutunza chumba chake, paa likakosa mwenyewe, na ni paani ndiko maji huanzia. Mamlaka ya Hifadhi ya mji, iliyoundwa mwaka 1985, inaweza kuzuia mtu asibomoe. Kumfanya atengeneze ni shughuli nyingine. Wakfu, unaomiliki nyumba nyingi mjini humo, una kanuni ya zamani inayolijibu swali la nani alipie matengenezo: mapato ya mali huitengeneza kwanza mali yenyewe, kisha ndipo wanufaika hugawiwa. Kanuni hiyo hufanya kazi pale tu kodi inapofikia bei ya boriti na ujira wa mwashi.