Safari Iwe Darasa

Ndugu Waislamu, Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na kuzingatia yaliyowapata waliotutangulia. Familia zetu hapa Singida husafiri, alhamdulillahi, lakini nyingi hurejea na picha tu.

Tumtazame Ibn Battuta. Alitoka Tanja, mji wa pwani ya Moroko, mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, akapita bara na bahari hata akafika Kilwa mwaka 1331. Alisimulia kwamba Sultani Hasan bin Sulaiman alipotoka katika sala ya Ijumaa, fakiri alimwomba nguo alizovaa. Akarudi ndani, akazivua, akampa. Nduguye Daud aliyemrithi akawa kinyume chake: waombaji waliambiwa kuwa mtoaji amekwisha kufa.

Leo Husuni Kubwa, kasri linalonasibishwa na Hasan, ni magofu. Ukarimu wake ungali unatajwa.

Wazazi, likizo ijayo tuwapeleke watoto Kilwa kwa basi, tuvuke kwa mashua hadi Kisiwani, tuwasimulie kisa hiki penye Msikiti Mkuu. Na asiye na nauli asihuzunike: fakiri yupo mlangoni pa msikiti wake Ijumaa hii.

Wallahu a'lam.