Kichezeo cha bure chaweza kumgharimu mfugaji mbwa wake

Wafugaji wengi huhesabu gharama ya kumtunza mbwa mlinzi kwa chakula na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kinachosahaulika ni kile anachotafuna mbwa huyo akiwa uani. Katika kaya za wakulima kichezeo chake huwa gunzi la mahindi, mfupa wa kuku au kipande cha tairi. Vyote hupatikana bure, lakini hasara yake huja baadaye.

Gunzi ni hatari kuliko linavyoonekana. Mbwa akimeza kipande kikubwa, hakiyeyuki tumboni na kinaweza kuziba utumbo. Mbwa hutapika, hukataa chakula na, asipofanyiwa upasuaji mapema, hufa. Mfupa wa kuku uliopikwa nao huvunjika vipande vyenye ncha kali, na tairi la gari lina nyuzi za chuma ndani.

Hata hivyo, kumnyima mbwa kichezeo si suluhisho. Mbwa asiye na cha kutafuna hugeukia viatu, mabomba na hata kuku. Aidha, kichezeo ni nyenzo ya kazi. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wanaonusa pembe za ndovu, na baadhi yao walipelekwa bandari ya Mombasa. Kwa kawaida mbwa wa kazi ya namna hiyo hufundishwa kwa zawadi: akigundua harufu anayotafuta, hurushiwa mpira. Mkulima anaweza kutumia njia hiyo hiyo kumfundisha mbwa wake kuja anapoitwa.

Tatizo liko sokoni. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2008 ya kudhibiti madini ya risasi katika bidhaa za watoto, vikiwemo vichezeo, lakini vichezeo vya mbwa havimo katika sheria hiyo. Ikiwa hali ni hiyo katika soko kubwa kiasi hicho, mnunuzi wa huku hana budi kujikagulia mwenyewe.

Ukaguzi hauhitaji mtaalamu. Kwanza ni ukubwa: mpira usiweze kupita nyuma ya magego na kukwama kooni, hivyo unaomfaa mbwa mdogo unaweza kumuua mkubwa. Pili ni ugumu: kichezeo cha kutafuna kikibonyezwa kwa ukucha kibonyee kidogo, kwani kigumu kama jiwe huvunja meno. Tatu, kisiwe na macho, vifungo au kipande chochote kinachong'oka. Kamba ni nzuri kwa kuvutana na mwenye mbwa, lakini baada ya mchezo iwekwe mbali, kwa kuwa nyuzi zikimezwa hukata utumbo. Mpira wa tenisi ni wa kurusha tu. Manyoya yake hushika mchanga na kusaga meno.

Hapa mfanyabiashara mdogo ana nafasi. Anayepanga bidhaa kwa ukubwa wa mbwa, na kumwambia mteja atupe kichezeo kikianza kumeguka, atamwona mteja huyo tena. Anayeuza mpira mmoja kwa mbwa wote anahatarisha mbwa na jina lake.

Mbwa mlinzi hukomaa baada ya mwaka mmoja au zaidi wa chakula, chanjo na mafunzo. Akifa kwa gunzi, matumizi yote hayo hupotea usiku mmoja, na zizi hubaki bila mlinzi.