Wastani wa Alama na Hukumu Yake

Haydom ni mji mdogo katika nyanda za juu za Mbulu, mbali na njia kuu za nchi, walakini si mbali na elimu. Hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa huko mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei ilikuja kuzaa chuo cha uuguzi na afya, na vijana wa Kiiraqw, wa Kidatoga, wa Kinyiramba na wa mikoa ya mbali huketi hapo benchi moja. Kijana amalizapo stashahada hutoka na vitu viwili: mikono iliyofundishwa kazi, na tarakimu mbili zilizotengwa kwa nukta. Mikono huonwa na wagonjwa. Tarakimu huonwa na vyuo vikuu, navyo vimetakiwa kumpokea mwenye stashahada aliyefikia wastani wa 3.0. Mwenye 3.0 hupiga hodi akasikilizwa, mwenye 2.9 hana hodi ya kupiga.

Hapana ubaya kwa nyumba kuwa na mlango. Ubaya upo wenye nyumba wanapotumia ufunguo wasioweza kuueleza. Wahadhiri wengi wa Tanzania hutoa alama mwaka hata mwaka, husaini karatasi za matokeo, hukaa katika vikao vya kupitisha madaraja, na kamwe hawajasimama mbele ya darasa kueleza jinsi GPA inavyopatikana. Mwanafunzi hujifunza habari hiyo barazani, kwa wenziwe waliotangulia, kama mtu ajifunzavyo uvumi. Hesabu yenyewe si ngumu. Kila somo lina uzito wake, uitwao krediti. Alama za somo hugeuzwa kuwa herufi, herufi hugeuzwa kuwa pointi, pointi huzidishwa kwa krediti, jumla hugawanywa kwa krediti zote. Aliyepata A yenye pointi 5 katika somo la krediti 12, na C yenye pointi 2 katika somo la krediti 8, ana 3.8. Mwenziwe aliyepata herufi zile zile, ila A katika somo dogo na C katika somo kubwa, ana 3.2. Maarifa yao huenda yakawa sawa. Walichotofautiana ni mahali walipojikwaa.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa limo katika ule ugeuzaji wa alama kuwa herufi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A huanza 70, na B+ yenye pointi 4 hushika toka 60 hata 69. Na achukuliwe mwanafunzi wa mfano aliyepata 69 katika kila somo, miaka yote mitatu. Wastani wake wa pointi ni 4.0, naye hupewa daraja la pili la juu. Na achukuliwe wa pili, aliyepata 70 katika nusu ya masomo na 60 katika nusu nyingine, krediti zikiwa sawa. Wastani wake wa pointi ni 4.5, naye hupewa daraja la kwanza, ambalo huanza 4.4. Sasa msomaji ahesabu alama zenyewe: wa kwanza ana wastani wa 69, wa pili ana 65. Aliyejua zaidi amekaa chini ya aliyejua kidogo, wala hapana mtu aliyedanganya wala kukosea hesabu. Mizani ndiyo iliyofanya hivyo, tena kwa ukamilifu wa sheria zake.

Kisha huja kisu cha pili. Wastani ukisha kupatikana, huachwa na tarakimu moja tu baada ya nukta, na zinazofuata hukatwa pasipo kupandishwa. Mwenye 3.49 huandikwa 3.4, akaanguka daraja la pili la chini, kwa kuwa la juu huanza 3.5. Mwalimu wa shule ya msingi akikata hivyo katika hesabu za watoto hukosolewa. Chuo kikuu kikikata huitwa kanuni.

Tena hesabu hii haisahau. Mwaka wa kwanza huingia katika jumla kwa uzito ule ule wa mwaka wa mwisho. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Aliyemaliza 240 akiwa na 3.2, akitaka kutoka na 3.5, hana budi kupata wastani wa 4.1 katika 120 zilizosalia. Akingoja hata zibaki 60, atahitaji 5.0, yaani A tupu. Na ni nani anayeanza vibaya? Mara nyingi ni yule ambaye nyumbani husema Kiiraqw, shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, akatumbukizwa katika Kiingereza kidato cha kwanza, na mpaka afikapo chuoni bado husoma kila ukurasa mara mbili. Mwaka wa tatu huenda akawa sawa na yeyote. Karatasi yake husema vingine, kwa sababu imechanganya mtu aliyekuwa akijifunza lugha na mtu aliyekwisha kuijua, ikatoa mtu wa tatu asiyepata kuwako.

Watetezi wa GPA wana hoja moja nzito, nayo haifai kupitwa kwa dharau. Husema kwamba tarakimu haina mjomba. Mtoto wa mkulima wa Haydom hana ndugu ofisini wa kumpigia simu. Akiwa na 4.1 yake mkononi, aweza kusimama mbele ya mtoto wa mkubwa mwenye 3.3 asione haya. Ondoa tarakimu, weka mahojiano na barua za sifa, na siku ya pili nafasi zote zitakuwa za jamaa. Hoja hii ni ya kweli, nayo ndiyo sababu wanaotaka GPA ifutwe kabisa wanakosea. Walakini kipimo kinachosifiwa kwa kutopendelea kinapaswa kwanza kutopotosha.

Tena upo mfano karibu wa kubadili ngazi bila kutazama wapandao. Mtihani wa kidato cha nne wa 2012 ulipotolewa matokeo mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, nchi ikapiga kelele, matokeo yakapangwa upya. Mtihani wa 2014 ukatolewa kwa GPA, na wazazi waliozoea kwamba pointi chache ndiyo heri wakaambiwa sasa pointi nyingi ndiyo heri. Mwanzoni mwa 2016, Waziri Joyce Ndalichako, aliyepata kuliongoza Baraza la Mitihani lenyewe, akarudisha madivisheni. Ngazi ilikwenda ikarudi. Upungufu wa walimu wa hisabati haukuhusishwa na safari hiyo.

Wala mipaka ya mataifa haina kipimo kimoja. Alama 72 hubeba pointi 5 Dar es Salaam, na Makerere hubeba 4. Hata hivyo, kwa miaka mingi matangazo ya kazi ya ualimu msaidizi katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania yamedai 3.8, kana kwamba 3.8 ni kitu kinachopimika kama kilo ya maharage. Mnunuzi mnadani, ambaye hakusoma, hutazama meno ya ng'ombe, hushika nundu, humtembeza, kisha ndipo hutaja bei.

Na arudiwe yule muuguzi wa 2.9. Usiku huletwa wodini mama wa Kidatoga, uchungu umemshika, Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Wauguzi wenye 3.6 husimama wakitazamana. Wa 2.9 huinama akasema naye kwa lugha yake, akajua ya kwamba damu imeanza kutoka tangu asubuhi, akamwita daktari. Jambo hilo halina krediti. Somo alilopungukiwa lilikuwa na krediti nyingi, na mtihani wake uliandikwa kwa Kiingereza.

Lililo katika uwezo wa vyuo ni dogo, tena halina gharama. Kando ya kila herufi katika karatasi ya matokeo ziandikwe alama zenyewe, wastani wa darasa zima katika somo hilo, na idadi ya waliofanya mtihani. Kila mwaka uandikwe wastani wake peke yake, ili apandaye aonekane akipanda. Na nukta isikatwe. Alama hizo zote zimo tayari katika kompyuta za ofisi za mitihani. Saa moja ya wiki ya kwanza ya masomo itengwe, na mhadhiri mwenyewe, chaki mkononi, afanye ubaoni hesabu ya yule wa 69 na yule wa 65, kisha ajibu maswali.