Skrinshoti ya Mteja Sio Tangazo Lako

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, leo nina jambo na najua wengine halitawafurahisha. Hizi skrinshoti za malipo na meseji za wateja tunazoposti kila siku kama ushuhuda, mimi naona tuache.

Naelewa kwa nini tunaposti. Mteja mpya anaogopa kutapeliwa. Akiona mwenzake kalipa na mzigo kaupata, anapata moyo. Lakini hebu fungua moja uisome kama mwizi. Jina la mteja lipo, kama lilivyosajiliwa kwenye laini. Mara nyingi na namba yake ipo. Kiasi alicholipa, siku na saa, vyote vipo. Ukiweka na mazungumzo yenu, kuna na ile "niletee Mbagala, Rangi Tatu." Hapo mwizi anahitaji nini tena?

Anafungua akaunti yenye jina na picha ya duka lako, halafu anamwandikia mteja: "Dada, lile gauni lako limefika, ongeza 5,000 ya boda, tuma kwenye namba hii." Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" huwa tunazicheka kwa sababu anayezituma hajui hela gani. Huyu anajua. Anajua gauni, bei na mtaa. Mteja atatuma. Akishtuka hatamtafuta mwizi, atakutafuta wewe, na kwenye kikoba chao atasema duka lako ni la matapeli.

Kuna wanaosema, "Mimi nauza vijora vitatu kwa siku, nani atahangaika na mimi?" Ni kweli, mwizi hana shida na vijora vyako. Anataka wateja wako, na wewe unampa majina bure.

Tena kuna sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Kenya wana yao tangu 2019. Jina la mtu, namba yake na anapoishi ni taarifa binafsi. Mteja alikupa ili umfikishie mzigo, basi. Hata kama sheria isingekuwepo, hiyo ni amana.

Sasa tufanyeje?

1. Ukitaka ushuhuda, omba ruhusa. Kata sehemu yenye jina, namba na mahali. Usizipitishie kalamu ya rangi nyepesi, maana picha ikiongezwa mwanga maandishi yanaonekana. Bora zaidi, mwombe mteja picha ya mzigo alioupokea.

2. WhatsApp ya duka iwekee uthibitishaji wa hatua mbili. Ingia Mipangilio, kisha Akaunti. Pini yake isifanane na ile ya hela. Na zile namba 6 zinazokuja kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata akijiita huduma kwa wateja, hata akiwa rafiki yako. Huenda akaunti ya huyo rafiki imeshaibiwa.

3. Angalia vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yako. Msaidizi akiacha kazi, mtoe siku hiyo hiyo na ubadilishe nywila ya ukurasa.

4. Orodha ya wateja usiiache kwenye simu moja tu. Daftari la kufungia kabatini linatosha. Anwani za mizigo iliyokwisha kufika na usiyozihitaji tena, zifute.

5. Laini ya duka iwe kwa jina lako. Kwa Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji za kitapeli, zitume 15040.

Najua swali linalokuja: mauzo hayatashuka? Sidhani. Fikiria anayenunua nguo za ndani, dawa ya chunusi, au saa ya kumshtukiza mume wake. Huyo anapoona umeanika wateja wenzake, anajiuliza kesho yake itakuwaje, anafunga ukurasa kimya kimya. Hutamjua, kwa sababu hatakuandikia. Weka kwenye utambulisho wa ukurasa wako maneno haya: "Hatutangazi taarifa za wateja. Hela ya boda hatuombi kwa namba nyingine." Hapo umemtoa hofu, na umemfundisha kumtambua tapeli.

Kwa hiyo leo, kabla hujaposti mzigo mpya, rudi kwenye zile stori za ushuhuda ulizozihifadhi juu ya ukurasa. Zipitie moja moja. Yenye jina la mtu au namba, futa.