Darubini ya bunduki kwa ajili ya kunguru: ununue au uache?

Ndugu mfugaji, kila vifaranga wakianza kutolewa nje, swali ni lilelile kuanzia Bunju hadi Chamazi: "Bwana mifugo, nina bunduki ya upepo, nifunge darubini ipi nimalize hawa kunguru?" Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana wengi wanapigwa madukani. Ukiona 4x32, maana yake inavuta mara 4 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 32. Ile ya 3-9x40 inavuta kuanzia mara 3 hadi 9. Muuzaji atakusifia inayovuta zaidi. Usimfuate. Ukivuta sana, hata mtikisiko wa mkono unakuzwa, na eneo unaloliona linakuwa dogo. Kunguru yuko kwenye mwembe mita 20 tu kutoka ulipo, mara 4 inatosha.

Halafu, bunduki ya upepo ya springi ina mshtuko wa pande mbili: inarudi nyuma, kisha inajitupa mbele. Darubini isiyotengenezwa kwa mshtuko huo inalegea ndani, hata kama ni ya bei mbaya. Nyingi pia zimepangwa kwa shabaha ya mbali, kama mita 100. Kwa karibu picha inakuwa na ukungu, na ukisogeza jicho kidogo tu alama ya kulengea inahama. Tafuta inayorekebishika umbali. Itoe nje ya duka jioni, usome kibao cha mbali. Pembeni pakiwa na ukungu, irudishe.

Sasa thamani yake. Msimamo wangu ni huu: mwenye shamba kubwa lisilo na watu jirani anaweza kuifikiria. Kwa mfugaji wa Mbagala au Tegeta, ni hela imetupwa.

Darubini inakuonyesha kunguru vizuri kabisa, ila haikuonyeshi mtoto anayecheza pembeni, kwenye ua wa jirani. Jicho lako limebanwa kwenye duara dogo. Nyumba zetu zimebanana, na risasi iliyokosa haipotei hewani, lazima itue mahali. Ndogo hivyo hivyo inatoboa jicho la mtu. Na habari ya kibali cha bunduki yenyewe ni ya polisi, kawaulize kabla hujalipa chochote.

Hata ukiwa na shabaha, huwamalizi. Kunguru hawa asili yao ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula takataka, wakazagaa pwani yote. Wana akili kweli. Ukiangusha wawili, waliobaki wanakushika sura. Ukitoka na kitu mkononi wanaruka, ukiingia ndani kunywa chai wanarudi kwenye vifaranga.

Kunguru anafuata vitu viwili kwako: uchafu na kifaranga aliye wazi. Basi hela ya darubini nunua wavu. Vifaranga wakae ndani ya banda lililozibwa juu na pembeni kwa wiki 6 za mwanzo, matundu yawe madogo kiasi cha kichwa cha kunguru kutopita. Utumbo wa samaki na mizoga ya kuku fukia siku hiyohiyo. Mayai okota mapema, usisubiri jioni. Viota vilivyo kwenye miti yako vibomoe kabla hawajaangua, na uvae kofia, maana watakushambulia kichwani. Sumu usitege mwenyewe, utaua mbwa wa watu na kuku wako.

Jirani naye mwambie, kwa sababu jalala lake likiwa wazi, kunguru wako hawaondoki.

Wavu hauna sifa kijiweni kama bunduki yenye darubini, najua. Lakini unalinda vifaranga hata ukiwa kazini, na haujawahi kumtoboa mtoto wa mtu jicho.