Makaburi Yasiyo na Mfalme

Mkono mmoja haulei mwana, wala mtu mmoja hasimamishi nguzo ya jiwe. Ushahidi wa maneno haya uko Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, katika nchi kavu ya wafugaji.

Yapata miaka 5,000 iliyopita, mvua zilipungua na maji ya ziwa yakarudi nyuma sana. Wafugaji walioingia huko na ng'ombe, kondoo na mbuzi wao walikuta nchi inayobadilika, malisho yana mashaka na majirani ni wageni. Katika dhiki hiyo walikusanya nguvu zao. Walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, wakachimba shimo kubwa katikati, na humo wakazika wafu wao kwa karne kadhaa. Shimo lilipojaa, walilifunika kwa mawe, wakaweka juu yake nguzo kubwa. Baadhi yake zilichukuliwa umbali upatao kilometa moja.

Mwaka 2018 wataalamu walioongozwa na Elisabeth Hildebrand walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walikadiria kwamba watu wasiopungua 580 wamelala humo. Zamani wengi waliamini kuwa kazi kubwa namna hii haiwezekani pasipo mfalme wa kuamuru na wadogo wa kutii. Lothagam yakanusha. Wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto wachanga, walizikwa pamoja, na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake, zikiwamo shanga za mawe ya rangi. Hakuna aliyetengwa kwa heshima kupita wenziwe.

Hapo pana fundisho kwa jamaa za askari na polisi, ambao huhamishwa mara kwa mara na kuishi kambini pamoja na watu wa makabila mengi. Mkubwa akifiwa, ua wake hujaa watu hadi usiku. Mke wa askari mdogo akipoteza mtoto mchanga, pengine hubaki na jirani mmoja tu wa kumfuta machozi.

Wafugaji wale walikuwa wageni katika nchi ngumu, wakafanywa kuwa ndugu na kazi ya kuzikana. Basi msiba utokeapo kambini, kila mama na aende kwenye nyumba ndogo kwa haraka ile ile aendayo nayo kwenye nyumba kubwa.